Kilo ya Nini?

Sabuni iligoma, na hakuna neno jingine la kuielezea. Alphonsine alibonyeza kidole gumba katikati ya kasha la mbao, kidole kikazama mpaka kwenye ukucha, na alipokitoa kikaacha shimo linalong'aa mafuta. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Sabuni ile aliimimina Jumatatu, na tangu aanze kazi hiyo hajapata kuona sabuni yake ikilala kashani siku mbili bila kukauka.

"Yo, Mungu wangu!" alisema kwa sauti, ingawa jikoni hakuwamo mtu. "Weye unanifanyia hivi minye? Minye?"

Makasha yalikuwa mawili, na kila moja lilitakiwa kutoa vipande sitini. Yote yalikuwa ya wodi ya wazazi ya misheni ya Kapolowe. Binti yake Hortense, aliyeolewa huko, alijifungua mwezi wa nane akawaachia masista kipande cha sabuni ya mama yake. Masista wakakipenda. Mwaka ule sabuni ya kiwandani ilikuwa imepotea madukani Likasi nzima, ukiipata unaificha kama dhahabu. Basi Masœur Anne akatuma ujumbe: Ijumaa saa nne gari la misheni litapita kuchukua vipande mia moja na ishirini. Vikiwa vizuri, kila mwezi vingine. Visipokuwa vizuri, masista watatafuta mtu Lubumbashi. Kwa nyumba ambayo mshahara wa baba ulitosha unga na majani ya sombe mpaka tarehe ishirini, na baada ya hapo watu wakawa wanatazamana, neno "kila mwezi" lilikuwa neno tamu sana.

Alphonsine alichota sabuni kidogo kwa ncha ya kisu, akaigusisha ulimini. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake: sabuni ikiuma ulimi, soude, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imezidi; isipouma hata kidogo, imepungua. Hii ilikuwa imelala ulimini kimya kama mafuta ya kupikia. Soude ilikuwa imepungua, hilo aliliona wazi. Lakini imepungua kiasi gani? Hapo ulimi haukuwa na jibu. Mwaka uliotangulia aliongeza soude kwa kukisia, na jirani yake Clémentine akatembea na mikono iliyobabuka wiki mbili, akimwonyesha kila mpita njia. Na hii ilikuwa sabuni ya kuogeshea vichanga.

Makopo matano ya soude kwa ndoo moja ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, na ndoo moja kwa kila kasha. Alihesabu mwenyewe, kama alivyohesabu siku zote. Mikono yake haikukosea. Kama mikono haikukosea, basi aliyekosea ni aliyeuza.

Alifunga kitenge vizuri, akatoka.

Floribert alikuwa na duka karibu na soko, na kwenye kaunta yake mizani ya sahani mbili aliyoipangusa kila baada ya mteja, kama watu wanavyopangusa picha ya marehemu. Yeye ndiye aliyemuuzia Alphonsine mifuko mitatu ya kitambaa yenye soude mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa bado kikali. Mfuko wa kwanza ulitoa sabuni nzuri isiyo na kifani. Wa pili aliufungua juzi, ukamletea aibu hii. Wa tatu ulikuwa bado umefungwa, unaning'inia kwenye msumari jikoni.

"Floribert, weye umenitilia nini mu soude? Unga? Chaki?"

Wanawake wanne waliokuwa wakingoja chumvi waligeuka wote pamoja.

"Mama Hortense, tusalimiane kwanza."

"Salamu nitakupa kesho. Sabuni yangu imekataa. Weye uko mwizi!"

Floribert hakupandisha sauti. Alipandisha jiwe la kilo moja, akaliweka kwenye sahani polepole ili wote waone. "Minye nauzaka kilo. Ulinunua mifuko ya kilo tano, kila mumoja nikakupimia kilo tano, nikaandika na mukono yangu juu ya mufuko. Uongo?"

"Kweli, lakini..."

"Sasa ukienda kupika, ukashindwa, mi niko ndani ya sufuria yako? Kilo ni kilo, mama. Yenye iko ndani ya kilo haina kazi yangu."

Wanawake wakacheka. Mmoja alisema, na wala hakunong'ona, kwamba siku hizi watu wakishindwa kupika wanafungulia maduka mashtaka. Alphonsine alitoka pale masikio yakiwaka moto.

Lakini hakuwa mwanamke wa kulala na neno tumboni. Alirudi nyumbani, akachota soude kidogo kwenye mfuko wa pili akaiweka kwenye sahani ya bati, akaipekua kwa kisu kutafuta unga au chaki, hakuona, akaiacha mezani. Akachota nyingine akaifunga kwenye karatasi, akatia na donge la sabuni ndani ya bakuli, akashika njia ya laboratwari ya Kampuni, ile ya migodi ya shaba. Mumewe si alikuwa akifanya kazi huko? Miaka kumi na tisa!

Tuseme ukweli kuhusu kazi ya Adolphe, mumewe, kwa maana mtaani ilikuwa kichekesho. Kila asubuhi aliletewa ndoo za mawe ya shaba yaliyosagwa, kutoka mgodi wa Kamatanda na kwingineko, yakiwa mabichi. Alipima uzito, akayatia kwenye tanuri, akayakausha, akapima tena. Tofauti ya uzito ilikuwa maji. Aliandika: maji kiasi hiki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya chumba cha kwanza. Basi. Ndani ya mawe mna shaba kiasi gani, hilo lilikuwa la chumba cha pili. Asidi na soude vilikuwa vya chumba cha tatu. Adolphe hakupata kushika hata kitasa cha mlango wa chumba cha pili, na hakutaka. "Minye niko muntu wa humidité," alikuwa akisema, yaani wa unyevu, na watu wakamwita Papa Humidité. Mkewe naye alicheka pamoja nao.

Laboratwari ilikuwa na dirisha dogo la kupokelea sampuli, na nyuma yake aliketi mkuu wa kazi, Georges, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni.

"Citoyenne," alisema, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka watu waitane, "sampuli ya nini?"

"Sabuni, chef. Na soude yake. Munipimie tu, inaonekana imepunguka nguvu."

Georges alivuta fomu, akaipitia kwa kalamu kutoka juu mpaka chini. "Hapa kuna minerai, mawe ya mugodi. Kuna concentré. Kuna majivu ya tanuri. Sabuni iko kwenye mustari gani?"

"Iko mu bakuli, chef. Angalia."

Vijana wawili wa chumba cha pili wakaangua kicheko. Wakati huohuo mlango wa ndani ulifunguka, akatoka Adolphe amebeba trei ya vikombe kwa koleo, uso umejaa jasho la tanuri. Akamwona mkewe dirishani.

"Citoyen, huyu ni wako?" aliuliza Georges.

"Ndiyo, chef."

"Mwambie basi. Huku hatufue nguo."

Kicheko kikazidi. Alphonsine alimtazama mumewe. Alingoja neno moja tu, hata liwe fupi, hata liwe la kijinga. Adolphe alitazama trei yake, akageuka, akarudi kwenye tanuri, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Bakuli lile lilikuwa jepesi, lakini njiani kurudi alilibadilisha mkono mara sita.

King'ora cha saa nane kililia, na baada ya muda Adolphe akaingia, akanawa, akaketi mezani. Alphonsine alimwekea bukari ya mahindi na sombe kwa kishindo, na yeye akajua kwamba kitu kitasemwa.

"Juu ya nini haukusema kitu pale dirishani?"

"Ningesema nini, Mama Hortense? Soude haina kazi yangu. Soude ni ya chumba cha tatu."

"Nyumba hii iko na vyumba viwili tu, Baba Hortense! Uniambie ya kwangu inapimwa mu chumba gani!"

"Kila muntu na sehemu yake."

"Sehemu yako ni gani? Miaka kumi na tisa unaanika mawe! Minye naanikaka nguo kila siku, na hakuna mwenye amenipatia kofia ya Kampuni!"

Neno hilo lilipomtoka alilisikia yeye mwenyewe, na likamuuma. Adolphe aliliweka tonge alilokuwa amelishika. Katika nyumba ile mtu kuacha bukari sahanini ilikuwa jambo la kuitia majirani.

"Mwaka jana," alisema polepole, "mikono ya Mama Clémentine ilipobabuka, nilikuambia nipime soude yako. Ulinifukuza jikoni na mwiko. Ulisema mizani haina ulimi."

Ilikuwa kweli. Alimfukuza kweli, na kisa hicho akakisimulia bombani kwa vitendo, mwiko ukiwa mkononi, na wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mwanamume kajifungia kwenye tanuri lake, na yeye kajifungia kwenye kopo la shangazi yake, na hapa katikati sabuni inaharibika. Alphonsine aliona haya, na kwa kuwa hakuzoea kuona haya, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Adolphe alisogeza kiti ili aondoke. Mkono wake ukagusa ile sahani ya bati iliyoachwa mezani tangu asubuhi.

"Nani amemwaga maji humu?"

"Hakuna."

"Paa inavuja?"

"Paa haivuje upande ule. Niache."

Hakumwacha. Aliinua sahani usawa wa macho. Vipande vya soude vilivyokuwa vyeupe na vikavu asubuhi sasa vilikuwa vimelegea na kuteleza, na chini yake kulikuwa na maji. Alitazama dari. Dari ilikuwa kavu. Alitazama dirisha, nje mvua ya mwezi wa kwanza ilikuwa imekatika tu, na hewa ilikuwa nzito, unaweza kuikamua. Akainamisha sahani huku, akainamisha kule. Kisha Alphonsine akasikia sauti ambayo hakuisikia siku nyingi: mumewe alikuwa akicheka peke yake.

"Mama Hortense! Inakunywa!"

"Nani anakunywa?"

"Soude! Inakunywa maji ya mu hewa! Miaka kumi na tisa naangalia vitu vinapunguka. Asubuhi kizito, jioni chepesi. Hii inaongezeka! Sijaona, wallahi sijaona!" Alipiga meza, bukari ikaruka. "Haukupima mubaya. Floribert hakuiba. Ulitia makopo tano, lakini ndani yake kuna maji. Hiyo ni humidité, mama! Hiyo ni yangu!"

Alphonsine alikuja na mikono yenye povu, akaitazama sahani. Hakuelewa yote. Alichoelewa ni kwamba mumewe alikuwa amesimama wima katikati ya jikoni lake, na kwamba hakuwa na hamu ya kumfukuza.

"Sasa maji ngapi?" aliuliza.

"Ule mufuko wa tatu. Haukuufungua?"

"Haujaguswa. Ni huu, kwenye musumari."

"Floribert aliandika ngapi juu yake?"

"Tano."

Adolphe alikuwa tayari ameshautia begani.

Duka lilikuwa limejaa, kama kawaida ya saa kumi. Wale wa asubuhi walimwona Alphonsine wakagusana viwiko. Adolphe aliuweka mfuko kwenye sahani ya mizani bila kuomba ruhusa, namba 5 ya kalamu ya bluu ikiwatazama watu. Upande wa pili akapanga mawe: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mfuko haukunyanyuka. Akaongeza jiwe la sita. Sahani zikaenda juu na chini, zikatulia sawasawa.

Floribert alitoa macho, kisha uso wake wote ukachanua.

"Sita! Bamama, muko munaona? Asubuhi ananiita mwizi, kumbe nilimupa kilo nzima ya zawadi! Mama Hortense, weye njo mwenye kunidai? Leta makuta ya kilo moja!"

Duka zima lilivuma. Alphonsine alihisi moto ule wa asubuhi ukimpanda tena masikioni. Hapo ndipo Adolphe aliposema, kwa sauti ileile ndogo aliyotumia nyumbani kuomba chumvi:

"Kilo ya nini?"

"Nini, kilo ya nini? Kilo ni kilo."

"Hapana, ndugu yangu. Kilo ya nini?"

Adolphe akawaeleza. Aliwaambia jinsi mawe mabichi yanavyodanganya mizani, na jinsi Kampuni isivyotaka kuhesabu mvua kama shaba. Akawaambia kwamba soude ni kinyume cha nguo: ukiianika inalowa. Floribert alipima kilo tano halali mwezi wa tisa, wakati wa vumbi, na mfuko ukakaa jikoni miezi minne ukinywa, mpaka ukawa na kilo sita. "Hii ya sita ni mvua," alisema, akilipapasa jiwe. "Unataka akulipe mvua?"

Hata aliyengoja chumvi alisahau chumvi. Floribert alikuwa ameacha kutabasamu. Macho yake yalishuka polepole chini ya kaunta, ambako gunia lake mwenyewe la soude lilikaa wazi tangu Krismasi, mdomo wazi kabisa.

"Mungu wangu," alisema. "Niko nauza mvua."

"Utanirudishia!" akapaza sauti mwanamke mmoja. "Minye nilinunua wiki jana!"

Floribert alikuwa ameshainama, anatafuta nailoni ya kufunikia gunia. Alphonsine akaegemea kaunta. "Floribert, nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa nakuomba samahani. Ulikuwa haujui, kama minye."

"Iishe, mama," ilijibu sauti kutoka chini ya kaunta. "Lakini huyu bwana yako anakujaka huku siku gani na gani?"

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi mno, karibu Alphonsine alie kwa hasira. Katika kila makopo sita, moja ni maji. Ukitaka soude ya makopo matano, tia sita. Kopo moja! Siku nzima ya kutukanana mjini, kwa kopo moja.

Alhamisi Adolphe alipotoka kazini waliivunjavunja sabuni laini kwenye sufuria kubwa mbili, wakaitia moto wa makaa, na kwa kila kasha wakayeyusha kopo moja la soude na kulimimina kidogokidogo. Adolphe alishika mwiko. Clémentine alipita uani, akasimama.

"Mama Hortense, umeandika boyi wa jikoni?"

"Boyi wapi! Ni ingénieur. Pita pole, usimutikise."

Adolphe alikoroga mpaka mabega yakamuuma. Alipotaka kumimina, Alphonsine alimzuia, akachota kwa ncha ya kisu, akagusa ulimi, akafumba macho. Ikauma kidogo, kiasi kilekile cha sabuni ya kiangazi.

"Mizani yako imesema kweli," alisema. "Lakini ulimi pia ulikuwa na haki ya kuulizwa."

"Nani amekataa?" alisema Adolphe.

Usiku sabuni ilikauka kashani, alfajiri wakaikata vipande, na Ijumaa saa nne Masœur Anne alishuka garini, akachukua kipande kimoja, akakigonga kwenye ukingo wa meza. Ko! Akakigonga kingine. Ko! Kisha, na hilo Alphonsine hakulitegemea, sista akakigusisha ulimini kama shangazi wa mtu yeyote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mvua yote hii, na imekauka hivi. Nani amewapimia?"

"Bwana yangu, Masœur. Ni muntu wa humidité."

"Humidité tu?"

"Tu," alisema Alphonsine, na kifua kikamjaa. "Lakini ameijua mpaka chini kabisa."

Gari likaondoka na vipande mia moja na ishirini, na ahadi ya mwezi wa pili ikiwa imeandikwa kwenye daftari la sista.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, mvua ilianza tena. Mtu alibisha mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Alphonsine alifungua. Alikuwa Georges, kalamu tatu mfukoni, na chini ya koti ameficha kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Citoyenne," alianza, kisha akajirekebisha. "Mama. Bibi yangu, mama ya watoto, pia anapikaka sabuni. Imekataa. Nimeleta soude yake. Nilisikia kule sokoni..."

Ah, utamu ulioje! Alphonsine alijaza mlango mzima kwa mwili wake. Alikuwa amelisubiri hili bila kujua kwamba analisubiri.

"Sabuni, chef? Iko kwenye mustari gani?"

Maji yalimtiririka Georges kwenye miwani. Aliinamisha macho akatazama kifurushi chake, na Alphonsine akaitambua namna ile ya kutazama. Mumewe aliitazama trei vilevile, Jumatano, nyuma ya dirisha dogo. Utamu ukaanza kumwishia mdomoni, lakini miguu yake ilikuwa bado haijakubali kusogea.

"Mama Hortense." Ilikuwa sauti ya Adolphe nyuma yake, na safari hii haikuchelewa. "Muache aingie. Ile soude inakunywa mvua pale."

Alphonsine akasogea. "Ingia, chef. Huku kwetu chumba cha kwanza na cha tatu ni kimoja."

Adolphe alimvutia mgeni kiti, akafungua kifurushi, akakitazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa mtoto wa kubeba. "Kwanza, chef, tupime maji. Ulinunua kilo ngapi, na ilikuwa mwezi gani?"

Kwa mazoea Georges alichomoa kalamu, akapapasa mfuko huu, akapapasa ule, akitafuta fomu. Hakuwa nayo. Alphonsine akampangusia meza kwa kitenge chake, na mkuu wa kazi akainama, akaanza kuandika pembeni mwa gazeti lililolowa.